Naomba ushauri: neno "cuenta" la Kihispania linanichanganya

Habari zenu wakuu. Najifunza Kihispania na najiandaa na mtihani wa DELE (wa cheti cha Kihispania) ngazi ya B1, yaani ya kati, ule wa Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania ya kukuza lugha hiyo. Nomino moja inanisumbua kweli: cuenta.

Maana za kawaida ninazo. Ukimaliza kula unamwambia mhudumu "la cuenta, por favor", akuletee bili. Akaunti ya benki ni cuenta bancaria. Hata shanga za tasbihi au mkufu ni cuentas, na hilo nimelipenda sana.

Kazi ipo kwenye misemo. Darse cuenta ni kugundua au kutanabahi, tener en cuenta ni kuzingatia, por mi cuenta ni kivyangu, na más de la cuenta ni kupita kiasi: "comí más de la cuenta", nilikula nikapitiliza. Nikisoma naelewa, ila nikiongea inachelewa kuja mdomoni.

Kinachoniumiza zaidi ni kile kihusishi de. Vitabu vinasema "me di cuenta de que era tarde" (niligundua kuwa muda umeenda), lakini wazungumzaji wenyewe nawasikia wakisema "me di cuenta que". Kwenye insha ya mtihani nitakatwa alama nikiiacha? Pia, wa Amerika ya Kusini wanapenda tomar en cuenta. Naweza kuitumia sawa na tener en cuenta, au nichague moja niishikilie?

Waliopita njia hii, misemo hii mliizoeaje? Mazoezi yoyote nayapokea kwa mikono miwili.