Naomba ushauri: kufuatilia historia ya bunduki ya Mauser-Vergueiro

Habari wakuu. Kuna bunduki ya kale ya Kireno, Mauser-Vergueiro ya 1904, iko kwenye mikusanyo ya kumbukumbu huku kusini (imesajiliwa polisi, haifyatui). Juu ya mtutu, mwanzoni, kuna taji na herufi za Mfalme Carlos I. Ubavuni limeandikwa jina la kiwanda cha DWM, Berlin. Mtutu ni wa 6.5 mm na una urefu wa takriban sm 74, yaani haukukatwa Wareno walipozigeuza bunduki hizi kuwa za 7.92 mm mwaka 1939. Namba ya bolti na ya mwili hazilingani, kwa hiyo naifuata ya mwili tu.

Nimetafuta alama ya mshale ndani ya herufi U, muhuri wa mali ya serikali ya Afrika Kusini, kwani Afrika Kusini nayo ilipewa bunduki hizi. Nimemulika tochi kwa ubavu, nikapaka unga wa chaki: hakuna. Kitakoni zimechongwa herufi mbili kwa kisu, lakini hizo hata mwindaji angeweza kuzichonga baadaye, sizitegemei. Msasa sijagusa, maana unafuta mihuri.

Zinabaki njia mbili za bunduki hii kufika huku, zote za Vita Kuu ya Kwanza: Newala 1916, Wareno walipofurushwa na Wajerumani, au Ngomano (Msumbiji), Novemba 1917, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alipoteka silaha zao.

Maswali:
1. Je, Wajerumani walikuwa wakigonga muhuri wao kwenye bunduki za kuteka? Sehemu gani?
2. Kumbukumbu za kijeshi za Lisbon zina orodha ya namba zilizogawiwa vikosi vya Msumbiji, na barua iandikweje?