Mrejesho: Debian iliyokatikiwa umeme katikati ya sasisho imepona

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza hapa: umeme ulikatika kwetu Himbi, Goma, kompyuta yangu ya Debian (mfumo endeshi wa Linux) ikiwa inajisasisha, na apt, programu yake ya kusakinisha na kusasisha, ikagoma kabisa. Aksanti sana yaya uliyenielekeza amri ya dpkg --configure -a, inayomalizia kusanidi pakiti (vifurushi vya programu) zilizoachwa njiani, kisha apt --fix-broken install, inayorekebisha zilizoharibika. Ilisanidi pakiti moja moja mpaka mwisho, wala sikupakua kitu upya: faili za .deb, yaani pakiti zenyewe za Debian, zilikuwa bado zimo ndani ya /var/cache/apt/archives. Kwa bei ya megabaiti zetu, nilifurahi mno! Nimezinakili kwenye flashi, nizipeleke kwa mdogo wangu mwenye Debian ya toleo lilelile. Mashine ya FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, nimeiacha. Yenyewe hutumia programu ya pkg kusakinisha, na faili za .deb haizitambui.