Tupeane uzoefu: je, shahada imekuongezea mshahara ofisini?

Mtunza Masjala
Ndugu zangu, habari za jioni. Nimesoma tangazo la Sekretarieti ya Ajira linalomhitaji Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II, na sifa zake ni stashahada ya uhazili, yaani kazi ya ukatibu, pamoja na kufaulu hatimkato (mwandiko wa mkato wa kunakili maneno haraka) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja. Shahada haikutajwa popote. Mimi ni mtumishi wa umma mwenye stashahada ya utunzaji kumbukumbu, na jamaa zangu wananihimiza nikasome shahada kwa sababu wanaamini mshahara utapanda siku nitakapovaa joho. Najua kwamba katika kada nyingi mwenye stashahada huanzia ngazi ya mshahara serikalini iitwayo TGS C, na mwenye shahada huanzia ngazi ya juu yake, TGS D. Ninachoomba ni uzoefu wa waliosoma wakiwa kazini: mshahara ulibadilika kweli, na ulibadilika lini?

Kijana wa Ubungo
Nimefanya kazi benki, na dirishani tulikaa wenye shahada na wenye stashahada, sote kwa mshahara mmoja. Aliyepata nyongeza ni yule aliyehamia idara ya mikopo, ambako shahada ilikuwa sharti la kuomba nafasi.

Mhasibu wa Pwani
Kwetu wahasibu shahada peke yake haikunisogeza hata hatua moja. Nilipofaulu mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, na kupata CPA, cheti cha juu cha taaluma yetu, ndipo mwajiri aliponiita, bila mimi kuomba, tukaandikiana mkataba mwingine. Fedha ulizotenga kwa ajili ya shahada zipeleke kwenye mitihani ya bodi ya taaluma yako.

Mama wa Uhazili
Mada hii imenigusa penye kidonda. Baada ya kumaliza uhazili Tabora niliajiriwa katika halmashauri moja nikiwa katibu mahsusi. Nikajilipia shahada ya utawala wa umma kwa masomo ya jioni, ada ikitoka kwenye mkopo wa SACCOS, na nilipohitimu niliwasilisha vyeti kwa afisa utumishi nikaomba kubadilishiwa kada. Nilijibiwa kwamba ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, haikuwa na nafasi, nisubiri bajeti ijayo. Bajeti hiyo ilipofika, mwaka 2016, upandishaji wa vyeo ukasitishwa ili kupisha uhakiki wa watumishi.

Makubwa yalikuja na uhakiki wa vyeti. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba yangu, lakini chuoni nilijisajili kwa jina la mume wangu, kwa hiyo vyeti nilivyovipeleka mwenyewe ili niongezewe mshahara ndivyo vilivyolifanya faili langu lionekane kuwa la watu wawili. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Namshukuru Mungu jina langu halikuwamo, ila niliitwa kujieleza, na mwisho wa mwezi mshahara haukuingia. Nilisimama mbele ya mashine ya kutolea fedha, wafanyakazi wenzangu wakiwa kwenye foleni nyuma yangu, nikaona salio lisilofikia hata kiwango cha chini cha kutoa. Nikachomoa kadi, nikairudisha, nikabonyeza upya. Mhudumu wa ofisi yetu aliyenifuata aliniuliza kwa upole kama zimeshaingia, nikamjibu kwamba mtandao unasumbua. Nyumbani mtoto alikuwa amerudishwa kwa ada, na SACCOS walikuwa wakisubiri rejesho la mkopo wa shahada ileile.

Nilikwenda kwa wakili, nikatengeneza hati ya kubadili jina, nikaisajili, nikapeleka nakala kila dirisha nililoelekezwa, mshahara ukarudi. Kada nilikuja kubadilishiwa baadaye sana, na hapo nikakutana na jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda madaraja katika uhazili, cheo cha kuanzia cha afisa kilikuwa na mshahara mdogo kuliko niliokuwa nao, hivyo nikaachiwa ule wa zamani kama mshahara binafsi mpaka cheo kipya kije kuufikia. Barua ilisema nimekuwa afisa, lakini hati ya mshahara ilikuwa na tarakimu zilezile. Kijana niliyemfundisha kufungua faili na kujaza rejesta ya barua zinazoingia aliajiriwa na shahada yake, naye akaanzia daraja lilelile nililowekwa mimi.

Binti wa Mbeya
Pole sana mama. Nimesoma hadi mwisho machozi yakinilenga.

Kijana wa Ubungo
Shikamoo mama. Malimbikizo ya miezi uliyokosa ulilipwa?

Mama wa Uhazili
Marahaba mwanangu. Nililipwa, ila si kwa mkupuo mmoja.

Mdaiwa Mwaminifu
Poleni nyote. Naomba turudi kwenye mshahara wenyewe, kwa sababu kuna makato ambayo hamjayagusa. Ukisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 anaacha 120,000 kila mwezi kabla hajafikiria nauli. Mimi nilianza kazi na shahada nikawa napeleka nyumbani karibu sawa na jirani yangu wa meza mwenye stashahada, ambaye hakuwahi kukopa.

Mhasibu wa Pwani
Ndugu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Hilo ni deni ulilolila ukiwa chuoni, usilihesabu kama kasoro ya shahada. Likiisha, tofauti ya daraja inabaki kuwa yako hadi pensheni.

Mdaiwa Mwaminifu
Deni nalikubali na ninalilipa. Ninachosema ni kwamba miaka ya kulilipa ndiyo miaka ya kupanga nyumba na kulea watoto, na tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyofutwa mwaka 2021, ilikuwa imeshatuumiza wengi. Mtoto aliyelipiwa ada na mzazi hayajui haya.

Mhasibu wa Pwani
Mimi sikulipiwa na mzazi. Baba yangu alikuwa mvuvi.

Msomaji wa Nairobi
Huku Kenya serikalini, mwenye stashahada kwa kawaida huingia kikundi cha kazi H na mwenye shahada K, kilicho juu zaidi. Dada yangu alihitimu akiwa kazini, akabaki H mpaka nafasi ilipotangazwa, akaiomba na kuhojiwa pamoja na watu wa nje. Shahada ilimpa haki ya kuomba tu.

Afisa Utumishi Mstaafu
Kijana wa masjala, nisikilize. Kabla ya kulipa ada, andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kupitia kwa mkuu wako wa idara, na uhakikishe kozi utakayosoma imo katika muundo wa utumishi, yaani waraka unaotaja sifa za kila cheo, wa kada unayoilenga. Nimewaona watumishi wengi wakileta shahada nzuri kabisa ambazo hazikuwa na mahali pa kuwekwa katika halmashauri zao. Kisha uliza iwapo nafasi itaombwa kwenye ikama ya mwaka utakaohitimu. Na kama bado uko chini katika ngazi yako, soma sasa, kwa sababu ukichelewa yatakukuta ya mshahara binafsi.

Kijana wa Ubungo
Mzee, kwa heshima zote, akisubiri ruhusa na ikama atazeeka. Asome, kisha aombe nafasi mpya kwenye mfumo wa ajira kama waombaji wengine.

Afisa Utumishi Mstaafu
Na akifanya hivyo bila kupitishia barua yake kwa mwajiri, uteuzi wake unaweza kukwama. Aombe, lakini apitishe barua.

Binti wa Mbeya
Mama, samahani nikurudishe nyuma. Ninafunga ndoa Desemba na nimechaguliwa kusoma shahada jioni. Nijisajili kwa jina lipi?

Mama wa Uhazili
Hongera mwanangu. Jisajili kwa jina lililo kwenye cheti chako cha kidato cha nne, herufi kwa herufi, hata kama mumeo atanuna.