Saa ya marehemu mjomba yenye jambia: niing'arishe kabla ya kuuza?

Mwana_Mtoni: Wakuu, mjomba alifanya kazi Muscat miaka ya 70, akarudi Unguja na Rolex yenye jambia na panga mbili usoni. Fundi wa Darajani anataka kuing'arisha na kubadili uso uliofifia, eti itapata bei. Nimkubalie?

Fundi_Mstaafu: Mwambie aiweke chini taratibu! Nembo hiyo ni ya Oman. Sultan Qaboos alikuwa akiwatunuku watu saa za namna hiyo, nyingine zikiagizwa kupitia duka la Asprey, London. Wakusanyaji wanaulipia huohuo uso uliofifia. Ukiubadili, unabaki na saa kuukuu tu. Kung'arisha nako kunakula kona za chuma, na chuma kilicholika hakirudi. Ila angalia: wapo wanaochapa jambia kwenye uso wa kawaida. Kwa hiyo tafuta barua, boksi, picha ya mjomba kaivaa, chochote.

BintiPemba: Yaani barua inaongeza bei kuliko saa yenyewe?

Fundi_Mstaafu: Wakati mwingine, ndiyo. Rolex aina ya Daytona ya Paul Newman, mwigizaji wa Marekani, iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Mkewe ndiye aliyempa, mgongoni mwa saa kaandikisha aendeshe gari kwa uangalifu. Daytona za aina ileile ambazo hazikuvaliwa na Newman hazikaribii hata robo.

Mwana_Mtoni: Nimeshaichukua kwa fundi, kanuna kweli. Picha ipo. Barua namuulizia mke wa mjomba, yeye hatupi karatasi.