Tupeane uzoefu: Kulala garini kwenye milima mirefu, sisi watu wa pwani

Mjukuu wa Nahodha (Malindi)

Asalaam aleikum wenzangu. Inshallah mwezi wa kwanza, kaskazi ikiwa imekolea, nataka kuirudisha familia Mlima Kenya na gari letu la kulala. Ni Hiace tuliyoing'oa viti, tukapiga kitanda cha mbao, tangi la maji la lita 60 na mtungi wa gesi wa kilo 6. Waliokwishafika juu naomba wasimulie. Naanza na yangu.

Mwaka juzi tulitoka Malindi alfajiri, tukakata Mavueni, Kaloleni, tukatokea Mariakani bila kuigusa Mombasa. Tukakaza mwendo mpaka Nairobi, tukalala. Kesho yake jioni tuko kwenye lango la Sirimon, kama mita 2,650 juu ya bahari. Siku mbili tu tangu tukanyage mchanga! Mama yangu ana miaka 63. Alikataa chakula cha usiku, akasema kichwa kinamtwanga kama kinu. Nikadhani ni uchovu wa safari, nikampa maji na dawa ya maumivu. Saa nane za usiku ametapika mara mbili na hataki hata kusemeshwa. Nikawaamsha askari wa lango, Mungu awalipe, wakatufungulia, tukateremka taratibu mpaka Nanyuki, ambako ni chini zaidi kwa mita 700 hivi. Kulipokucha akaomba chai.

Wakati ule sikujua kwamba kuanzia mita 2,500 hivi mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi, na kwamba kichwa kikiuma na kutapika kukianza, dawa ya kweli ni kushuka. Hakuna kungoja asubuhi. Safari hii nimepanga usiku mmoja Voi, miwili Nairobi, miwili Nanyuki, ndipo tupande. Likizo yote itaishia njiani, lakini sitaki tena kumwona mama vile.

Niambieni: gari, baridi, chakula. Nijiandae vipi?

Fundi Maweni (Malindi)

Kaka, kichwa cha mama umekishughulikia, sasa shughulikia gari. Gari la pwani huondoka nyumbani likiwa limekwishaliwa na chumvi, na huku hatuoni kwa sababu hatulisumbui.

Nilipata pancha karibu na Naro Moru, jua linazama. Naenda kushusha spea, mnyororo wake umeshikana kwa kutu, hautoki. Nikaukata kwa msumeno. Nati za gurudumu nazo hazigeuki. Nilisimama juu ya spana kwa miguu miwili, spana ikapinda, nati ipo pale pale. Dereva wa lori la viazi ndiye aliyeniokoa: alitoa bomba la chuma urefu wa mkono na nusu, akalichomeka kwenye spana yake, tukasukuma wawili, na kila nati ilipoachia ilipiga mlio kama risasi. Mimi fundi, na ni kazi ninayowafanyia watu kila siku. Tangu hapo, wiki moja kabla ya safari nafungua magurudumu yote manne, napiga brashi ya waya kwenye nyuzi, nashusha spea na kuipandisha tena. Na bomba langu ninalo.

Halafu badilisha maji ya breki. Yale maji hunyonya unyevu, na hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima. Ukiteremka mlima mrefu breki zikapata moto, maji ya zamani yanachemka, pedali inazama mpaka chini. Kwa hiyo mabadiliko ni kabla ya kuondoka, na mteremko unashuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Acha injini ndiyo ishike gari. Walio nyuma wakipiga honi waache wapige.

Rejeta usiijaze maji ya bomba kama tulivyozoea. Tia kulanti, kwa sababu juu kule usiku baridi inakaribia kugandisha. Kama injini yako haina turbo, tegemea kupoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Pale Sirimon robo ya nguvu imekwisha. Gari halijaharibika, hewa ndiyo haitoshi kuunguza mafuta. Punguza mzigo.

Bint Shela (Lamu)

Sisi gari letu hulala Mokowe, upande wa bara, maana kisiwani ni punda na miguu. Kila kitu kinavuka kwa boti: godoro, mtungi, ndoo, viazi. Ukilazimika kubeba begani kila kitu mpaka gati, unajua upesi kipi cha lazima.

Mimi nitasema ya jikoni. Niliahidi mbaazi za nazi na mahamri usiku wa kwanza juu. Mbaazi nimezilowesha tangu asubuhi. Nikabandika saa kumi na moja jioni, zikachemka vizuri, povu linapanda, mvuke tele. Saa moja zikawa bado ngumu. Saa mbili bado. Saa tatu watoto wamelala na mkate mkavu. Nilizidi kuongeza moto, na gesi ikaenda bure, kwa sababu maji kule juu huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Huku pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, kule mita 2,600 ni nyuzi 91 hivi, na hata ukiweka moto wa jahanamu hayapiti hapo. Sufuria ya presha ndiyo jibu. La sivyo chemsha nafaka nyumbani, uende nazo zimeiva, ule wali na samaki wa kukaanga siku za mwanzo.

Gesi nayo hulegea baridi ikizidi, kwa kuwa ndani ya mtungi inakawia kugeuka mvuke. Asubuhi moto unakuwa mdogo wa bluu. Mtungi usiupashe moto hata kidogo! Ungoje jua.

Na kitu kimoja kilinishangaza. Tulilala watu watano, madirisha tumeyafunga kwa kuogopa baridi. Alfajiri tone likaniangukia kwenye kope. Nikawasha tochi: dari yote imejaa matone ya pumzi zetu, yamepangana kama shanga, blanketi la juu limelowa. Usiku wa pili tukafungua dirisha upana wa vidole viwili kila upande, tukavaa soksi na kofia, tukalala wakavu.

Dereva wa Mokowe

Naunga mkono madirisha ya dada wa Shela, na nina sababu nzito kuliko matone.

Tulikuwa wanaume watatu, tumeegesha upande wa Nyahururu, mwezi wa saba. Baridi ya kule mwezi wa saba mtu wa Lamu haijui. Mmoja wetu akaingiza jiko la makaa ndani ya gari, makaa yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi. Tukaona salama kwa kuwa hakuna moshi. Nilizinduka kwa haja ya kukojoa. Nikataka kuinuka, miguu haitii. Niliburura mwili mpaka mlangoni nikausukuma kwa bega, nikaanguka kwenye majani yenye barafu. Wenzangu wawili niliwavuta kwa miguu. Mmoja alikaa hospitali siku nne.

Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua. Hewa yake, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Jiko la makaa lisiingie garini hata dakika tano, na la gesi lisiachwe likiwaka kwa ajili ya joto. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa kikoi, iweke miguuni. Inafika alfajiri bado na uvuguvugu. Nawaombeni sana katika hili.

Mama wa Wanne (Malindi)

Poleni sana, ndugu wa Mokowe. Alhamdulillah mko hai.

Mimi nina mtoto wa tatu mwenye selimundu, ule ugonjwa wa seli za damu. Hapa Kilifi nyumba nyingi zina mtoto kama huyu, ndiyo maana naandika. Tulikuwa tumekwishapanga Mlima Kenya, yeye ndiye mwenye hamu kuliko wote, amechora na picha ya theluji. Nikamuuliza daktari wa kliniki yake kwa bahati tu, wakati wa kuchukua dawa. Alisimamisha kalamu. Akaniambia hewa nyepesi, baridi na kukaukiwa maji, kila moja peke yake inaweza kuleta maumivu makali kwa mtoto huyu, na kule juu zote tatu zinamngoja pamoja. Nililia nilipomwambia mwanangu.

Tukaenda Taita. Voi, Mwatate, halafu ile barabara ya kona mpaka Wundanyi, kama mita 1,400. Hata kilele cha Vuria ni mita 2,208 tu. Tulilala garini usiku tatu, na sweta, maji kila saa. Asubuhi ukungu ulitufunika mpaka taa ya mbele haionekani, akatoa mkono dirishani akasema, "Mama, nimeshika wingu." Kwa wenye watoto kama wangu, muulizeni daktari kabla ya kununua hata blanketi.

Mjukuu wa Nahodha (Malindi)

Nimesoma yote, na mama nimemsomea. Makaa yametoka kwenye orodha. Kesho Hiace inakwenda kwa fundi kufunguliwa magurudumu. Mama amesema yeye atabaki Nanyuki na dada yangu, sisi tupande, tumletee habari, na sikumbishia.

Dada wa Shela, sufuria yako ya presha ni ya lita ngapi?

Bint Shela (Lamu)

Lita 5, inatosha watu sita. Mpira wake ukague kabla hujaondoka. Wangu ulipasuka tukiwa Karatina, nikazunguka maduka manne kutafuta mwingine.