Shule ya Sheria: karakana au chujio?

Wakuu, kila matokeo ya Shule ya Sheria (anakopita mwenye shahada ya sheria kabla ya kuwa wakili) yakitoka tunagombana wiki moja kisha kimya. Leo tulimalize.

Mnakumbuka Oktoba 2022. Kati ya wanafunzi 633 wa Law School of Tanzania, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu (wa kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliodisko (walioondolewa masomoni) 265. Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Mwakyembe, waziri wa zamani, na mitaani pakawa na kambi mbili: "vyuo vinatoa wanafunzi wabichi" na "shule inakomoa". Kambi zote zilihesabu vichwa. Ile shule ilianzishwa ifanye nini? Hapo hakuna aliyegusa.

Sheria yake ni ya 2007, mafunzo yakaanza 2008. Jina lake la Kiswahili ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Mimi nang'ang'ania hayo maneno mawili ya mwisho.

Kijana mwenye shahada anaweza kukujazia kurasa tano kuhusu haki ya kusikilizwa. Sasa mkalishe mbele ya mama ambaye kiwanja chake kimeuzwa mara mbili, na mkononi ana karatasi moja tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Amuulize nini kwanza? Nani ashtakiwe, na wapi? Muda wa kufungua shauri umebaki kiasi gani? Akikosea hapo, pingamizi la awali la upande wa pili linamtoa nje hata kabla mama hajafungua mdomo. Kazi hiyo mtu hujifunza kwa kuifanya, akikosea mbele ya fundi wake, kama gereji. Kukariri usiku kucha hakumfikishi.

Halafu kuna lugha. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi yake. Mahakama za Mwanzo zilikuwa huko siku nyingi. Lakini darasani tunaendelea kufikiri kwa Kiingereza. Niliwahi kumsikia mwenzangu akimhoji shahidi mzee: "Nakupendekezea kwamba siku hiyo hukuwepo," tafsiri ya neno kwa neno ya "I suggest to you" ya mawakili wa Kiingereza. Mzee akamtazama kwa huruma: "Unanipendekezea nini, mwanangu?" Hakimu mwenyewe aliinamisha uso.

Najua mtaniambia viwango visishushwe, wakili mbovu anaua haki ya mtu. Kweli kabisa, na vishoka (mawakili feki) tunao wa kutosha. Lakini fundi cherehani akiharibu nguo mia sita, hatulaumu kitambaa peke yake. Na kama kitambaa kilikuwa kibovu tangu dukani, kwa nini alikipokea na hela ya kushonea akachukua? Mtihani wa mchujo uwe mlangoni, kabla mzazi hajauza ng'ombe. Akishaingia, mpimeni kwa mafaili: hati za madai alizoandika, wateja wa msaada wa kisheria aliowahudumia, mashahidi aliowahoji kwa lugha wanayoielewa.

Na hii haiwahusu wanaotaka uwakili wa kujitegemea tu. Tangazo la kazi ya uhakimu au uwakili wa serikali nalo linadai cheti hichohicho cha shule hii. Mlango ni mmoja, kazi ni tofauti kabisa.

Wale wa "shule ipo sawa, vijana wasome", karibuni. Nianzieni na hili: wale 26 mliwapima kwa kitu gani ambacho chuo kikuu hakikuwa kimeshakipima?