Mrejesho: lori la mizigo ya haraka, nimechukua la difu moja

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu lori la kubebea mizigo ya haraka: 4x2 (ekseli moja ya nyuma yenye difu, yaani gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) au 6x4 (ekseli mbili za namna hiyo)? Asanteni sana kwa majibu. Nimechukua 4x2, na tayari liko kazini.

Kilichoamua ni mzigo wenyewe. Kazi hizi mara nyingi ni vipuri, dawa, au kifaa cha kiwanda kilichosimama. Mwenye mzigo anahesabu saa, si tani. Difu ya pili ingekuwa uzito wa bure, tairi nne zaidi za kununua na mafuta juu. Anayebeba kokoto au kupita kwenye tope, 6x4 bado ni yake.

Aliyesisitiza niangalie uwiano wa difu (shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu), Mungu akubariki. Ukiwa mdogo, injini inazunguka taratibu kwenye mwendo wa safari na mafuta yanapungua, ingawa mlimani unavumilia kidogo.

Kabla sijalipa, fundi aliwasha injini, akafungua kifuniko cha oili na kukigeuza juu ya tundu lake. Kikatulia. Lori tuliloliangalia kabla ya hili lilikirusha, moshi ukatoka kwa nguvu. Ringi za pistoni, zinazozuia gesi isivuje, zimechoka! Tukaondoka, japo rangi yake ilikuwa inang'aa.

Kitanda nacho msikidharau. Tunaendesha wawili kwa zamu, na asiyelala vizuri hafai kushika usukani. Kabini hii ina springi za upepo, nikaongeza godoro nene, na mwenzangu analala gari likitembea.

Bado napokea ushauri wa tairi za mbele.